Mashine ya figo au wahudumu wa afya wa mtaani? Kamati imegawanyika, naombeni mawazo

Mtunza Funguo (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limeninyima usingizi. Nipeni mawazo kwanza, matusi yatafuata.

Kuna fedha tulichanga, si haba. Kamati inataka ziende kwenye huduma za afya, ila tumegawanyika. Upande mmoja, nami nimo, unataka tuinunulie hospitali mashine ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, kitu cha kuonekana na kubaki. Upande wa pili unasema tuzipeleke kwenye mradi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto, kufuatilia wajawazito na kukumbusha watu dawa. Mimi naona huko zitaishia kwenye posho na semina, mwisho wa mwaka huna cha kuonyesha.

Mwenye uzoefu aniambie. Nahitaji jibu wiki hii.

Kijiwe Namba Moja
Naweka kigoda. Penye fedha na kamati hapakosi muendelezo.

Fundi wa Zamu
Mkuu, nimekula miaka kwenye vifaa tiba, nisikilize. Kununua mashine ndiyo kazi nyepesi. Mgonjwa wa figo kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Kila kikao kinakunywa maji yasiyopungua lita 120, na si maji ya bombani: lazima yapite kwenye mtambo wake wa kuyachuja, la sivyo uchafu wa kwenye maji unahamia kwenye damu ya mgonjwa. Hapo hujagusa vichujio vya damu, mirija, dawa za kuchanganya, umeme usiokatika katikati ya kikao, na nesi aliyefundishwa kazi hiyo hasa.

WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba mwaka 2011, na jambo la kwanza wanalosisitiza ni kwamba anayepokea ndiye aseme anahitaji nini na ataweza kukitunza. Kwa hiyo nijibu mawili tu: hospitali iliomba, au mmeamua ninyi? Chumba cha maji kipo?

Nilipowahi kufanya kazi kulikuwa na mashine ya msaada, mpya, ina utepe wake bado. Fundi wake yuko nchi nyingine na vipuri vyake haviingiliani na chochote tulichokuwa nacho. Tuliwekea mafaili juu.

Bibi Zahanati
Wanangu, shikamooni mtanipa wenyewe. Mimi ni nesi mstaafu na hilo neno la "zitaishia kwenye posho" limenichoma.

Mhudumu wa jamii asipolipwa, unategemea nini? Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu hawa umesema wazi kwamba walipwe malipo yanayolingana na kazi. Kinachoitwa posho ndiyo kazi yenyewe. Mtu anatembea juani kutwa, wewe unataka akuonyeshe kitu chenye utepe!

Huko Bangladesh, shirika la misaada la kwao liitwalo BRAC kati ya 1980 na 1990 lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha. Walifika kaya zaidi ya milioni 12. Na malipo ya mfundishaji yalitegemea mama amekumbuka kiasi gani wakija kumuuliza baadaye. Hakuna jengo lililojengwa pale, wala picha ya kukata utepe.

Na tukiwa tunaongea misaada, niseme la dawa. Tuliwahi kupokea maboksi ya dawa zilizobakiza miezi michache kuisha muda, nyingine zimeandikwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Taratibu za WHO zinataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja mbele yake. Tulihesabu, tukapanga, kisha tukaanza kuhangaika namna ya kuziteketeza. Daktari wetu alisema tumeletewa kazi.

Mja Mnyonge
Sadaka ni siri kati yako na Mola wako. Ukitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue. Kaka, hilo neno "kitu cha kuonekana" lichunguze moyoni mwako. Nani aone?

Mama Pacha
Mnabishana mashine na wahudumu, mnasahau mfuko wa wagonjwa wasio na uwezo. Mimi nilijifungua pacha kabla ya wakati, wakakaa chumba cha joto muda mrefu, bili ikapanda mpaka nikawa siulizi tena. Aliyeniokoa ni dada wa ustawi wa jamii wa hospitali. Alinikalisha, akauliza maisha yangu yote, akajaza fomu, sehemu kubwa ikalipwa na mfuko wa michango. Sijui nani alichangia. Wala hakuna kibao popote chenye jina lake. Mleta uzi ukitaka mchango wako ufanye kazi siku hiyohiyo, ulizia ofisi hiyo.

Daftari la Mkopo
Nimesoma mara mbili. Mtunza Funguo, fedha zilitoka kwa nani, na walipochanga waliambiwa ni za nini? Hilo linatangulia mashine.

Mtunza Funguo
Asanteni wote. Fundi, hospitali imefurahia wazo, chumba cha maji watashughulikia. Bibi, shikamoo, sikudharau wahudumu.
Daftari, wachangiaji ni watu wa kawaida tu, wa kazini na marafiki. Lengo lilikuwa la kiafya. Tusitoke nje ya mada.

Fundi wa Zamu
"Watashughulikia." Nimelisikia hilo. Hao wanaofurahia si ndio watakaolipia vichujio mwaka wa pili? Waulize kwa maandishi.

Daftari la Mkopo
"Lengo la kiafya" si jibu. Kulikuwa na mgonjwa?

Kijiwe Namba Moja
Kigoda nimekisogeza mbele.

Daftari la Mkopo
Mleta uzi, uko hewani, nakuona. Kulikuwa na mgonjwa au hakukuwa?

Mtunza Funguo
Sawa. Kulikuwa na mgonjwa. Mwenzetu wa kazini, figo zilifeli zote mbili, tukafungua mchango apandikizwe. Watu walijitoa sana, hata wasiomjua. Kilipokaribia kiwango kilichotakiwa, akafariki. Tukatoa za mazishi, kikabaki kingi.

Familia inadai tuwakabidhi. Mumewe ananipigia kila siku, na shemeji zake wameanza maneno. Mimi sikatai kwa ubaya. Namjua yule bwana, fedha zikiingia mkononi mwake hazitalala. Nikaona ziokoe wagonjwa wengine wa figo, na mashine iandikwe jina la marehemu. Ni jambo gani hapo la aibu?

Na kusema kweli malipo ya awali kwa wakala nimeshatoa. Ndiyo maana nasema muda ni mfupi.

Bibi Zahanati
Pole kwa msiba, mwanangu. Lakini ungetuambia mwanzo. Mimi nimekupigia hadithi ya Bangladesh kumbe nyumbani kuna matanga.

Daftari la Mkopo
Sasa tunaongea. Fedha iliyochangwa kwa jina la mgonjwa mmoja haina hali sawa na sadaka ya hospitali. Marekani, kwa mfano, mchango uliolengwa kwa mtu fulani hauhesabiwi kuwa wa hisani hata kwenye kodi. Ni zawadi kwa mtu. Uingereza fedha za hisani zikishindwa kutimiza lengo lililotangazwa kuna utaratibu wake, wa kurudishia watoaji au kuzielekeza kwenye lengo linalokaribiana na lile la kwanza, na anayeshika fungu haamui tu kwa kuwa hamwamini mfiwa. Waliotoa ndio wa kuulizwa. Umewauliza?

Mtunza Funguo
Ni wengi, wengine walituma bila jina. Nitawapata wapi? Na niliokutana nao ana kwa ana wameafiki mashine. Mimi nilibeba mchango ule tangu mwanzo, kulala nalala hospitali, kuamka naamka na simu za watu. Leo naonekana mwizi?

Mja Mnyonge
Mali ya marehemu ni amana. Amana nzito kuliko mlima, kaka.

Mama Pacha
Jamani mume naye si mwovu kwa kusemwa na mtu mmoja tu. Wangu alisemwa vivyo hivyo, na ndiye aliyeshinda chumba cha joto akiwapa pacha joto la kifua.

Jicho Pembeni
Samahani nivunje kikao. Hii ni chai, na ina tangawizi nyingi.

Angalieni. Mwanzo ilikuwa "kamati imegawanyika". Sasa ni "nimeona", "nimetoa", "namjua". Kamati imeyeyuka. Malipo ya awali yalitoka vipi kama nusu ya kamati inapinga? Na mwanzo anahitaji ushauri wa mashine au wahudumu, wakati mashine ameshaianza. Mtu anayejua jibu haulizi swali. Nimewahi kusoma uzi wa namna hii humu, ule ulikuwa wa saratani, mwishowe mleta mada akaomba watu "waunge mkono" kwa namba ya simu. Mimi nasubiri namba.

Kijiwe Namba Moja
Duh. Niliyeleta kigoda nikalie nini sasa?

Mama Pacha
Jicho unapenda kuharibu. Msiba mtu anautunga?

Jicho Pembeni
Watu wanatunga mpaka jeneza, dada.

Fundi wa Zamu
Chai au si chai, la maji libaki kwenye kumbukumbu. Atakayesoma huu uzi baadaye na ana mashine ya kweli atahitaji.

Bibi Zahanati
Mimi nakubaliana na Jicho kwa moja, kamati iko wapi? Mwanangu, mlikuwa wangapi wenye sahihi benki?

Mtunza Funguo
Sijaomba mtu senti humu na sitaomba. Jicho, ukitaka kuniona mwongo niite.

Kamati tulikuwa wanne. Fedha zilipita kwenye simu yangu na akaunti yangu kwa sababu wakati ule hapakuwa na muda wa kufungua akaunti ya kikundi, mgonjwa yuko kitandani. Wawili wanataka wahudumu wa jamii, mmoja yuko nami. Wakala alisema bei itapanda, nikalipa.

Daftari la Mkopo
Akaunti yako binafsi. Hapo hata ukiwa malaika, utaonekana vingine. Jicho anataka ushahidi nami nautaka, kwa sababu tofauti. Weka hapa tangazo la mchango kama lilivyosambazwa siku ya kwanza. Ficha majina na namba.

Jicho Pembeni
Hataweka.

Mtunza Funguo
Nimelinakili, majina nimefuta:

"Ndugu na marafiki, mwenzetu … anahitaji kupandikizwa figo. Amejitolea kaka yake kumpa figo. Tunaomba chochote ulicho nacho, hakuna kidogo. Fedha zote zitatumika kwa matibabu, safari na gharama za mtoaji. Kitakachobaki kitawasaidia watoto wake shule. Mungu awabariki. Kamati."

Kijiwe Namba Moja
Wee!

Mama Pacha
"Kitakachobaki kitawasaidia watoto wake shule." Kaka. Tumezunguka Bangladesh yote hiyo?

Mtunza Funguo
Hilo tangazo sikuandika mimi, aliandika katibu. Mimi nilisambaza tu. Na ile sentensi ilimaanisha kama angepona kikabaki kidogo, haikufikiria hali hii. Nani angetegemea kibaki kiasi hiki? Ndiyo maana nasema hesabu imebadilika.

Daftari la Mkopo
Haikusema "kama akipona". Na haikusema "kidogo". Watu walisoma hiyo wakatoa. Mashine haimo, wahudumu hawamo, mume naye kwa jina lake hamo. Wamo watoto na ada. Ukihofia mkono wa baba, zilipwe moja kwa moja shuleni kwa awamu, risiti zije kwa kamati nzima, na mtu wa upande wa marehemu awe na sahihi. Kaka yake aliyekuwa tayari kutoa figo, huyo mmempigia?

Mtunza Funguo
Kaka yake hajanisemesha tangu matanga.

Bibi Zahanati
Mpigie wewe. Watoto ni wa umri gani?

Mtunza Funguo
Mkubwa anaingia sekondari. Mdogo bado yuko chekechea.

Fundi wa Zamu
Mimi nishughulike na upande wangu. Mpigie wakala asubuhi kabla hujampigia yeyote. Uliza mashine imeagizwa kiwandani au bado iko kwenye karatasi. Kama bado, unadai malipo yako kwa maandishi, si kwa simu. Anasemaje kuhusu kurudisha?

Mtunza Funguo
Alisema malipo ya awali hayarudi, ila naweza kubadilisha nichukue vitanda.

Fundi wa Zamu
Vitanda! Mkataba ndio unasema hayarudi, au ni mdomo wake?

Mtunza Funguo
Nina ankara ya ukurasa mmoja. Mkataba wenyewe alisema atautuma.

Daftari la Mkopo
Yaani umelipa bila mkataba. Piga picha ankara hiyo, funika majina, weka hapa tuisome.

Jicho Pembeni
Bado sijaamini. Lakini hiyo ankara nami nitaisoma.