Taka za Ijumaa zisiondoke kabla hatujazipitia

*Jumatano jioni*

Da Mkubwa: Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa wote. Gari la taka linapita Ijumaa asubuhi, na watu huvitoa vitu vyao nje Alhamisi usiku. Kwa hiyo kesho usiku ndiyo siku yetu. Onyesho la vikaragosi la watoto linakaribia na mpaka sasa tuna soksi tu za kuvitengenezea.

Da Mkubwa: Natafuta magazeti ya kawaida (majarida yanayong'aa hayanywi gundi), trei za mayai za karatasi, maboksi magumu, sponji, miavuli iliyovunjika, tyubu za baiskeli zilizopasuka, vifungo, vifuniko vya chupa.

Shemeji: Mimi nina mume chakavu. Mnapokea?

Binamu: 😂😂😂 Huyo anafaa fisi

Shemeji: Mdomo unafunguka wenyewe, hauhitaji hata waya

Kaka: Nawasoma. Nipo hapa hapa.

Da Mkubwa: Tafadhali jamani. Nani ana gari kesho usiku?

Da Mkubwa: ?

Binamu: Miavuli ya nini lakini?

Da Mkubwa: Mbavu zake. Ni nyembamba, nyepesi, na ncha ina tundu tayari la kupitisha uzi. Unaifunga kwenye kiganja cha kikaragosi, unauchezesha mkono kutokea chini. Kitambaa chake kinatoa mbawa za popo mzima. Mwavuli ukivunjika kwangu ndiyo kwanza umeanza kazi.

Mama Mdogo: Kuna godoro limetupwa nje ya jengo letu. Sponji nene kweli. Nilichukue?

Da Mkubwa: Usiliingize ndani Mama Mdogo! Kagua kwanza mishono ya pembeni kwa tochi. Vidoti vyeusi kama vya wino ni alama ya kunguni. Ukiona hata kimoja, liache hapo hapo.

Kaka: Kunguni nao wapewe nafasi, waigizaji wazuri hawa

Shemeji: Jeshi la mfalme

Binamu: Onyesho la kwanza ambalo watazamaji wote watakuwa wanajikuna 😂

Mama Mdogo: Jamani nilichukue nisilichukue? Mvua inaanza.

Shemeji: Mama Mdogo waulize kunguni wenyewe kama wana nauli

Da Mkubwa: Mama Mdogo, kama mishono ni misafi bonyeza sponji kwa kidole. Ikirudi juu, nzima hiyo. Ikiacha shimo au ikimwaga unga wa njano, imezeeka, itakatika mkononi tukianza kuchonga kichwa.

Da Mkubwa: Mama Mdogo?

*Alhamisi*

Da Mkubwa: Habari za asubuhi. Watoto wanaokuja usiku wavae glavu, na hakuna kutia mkono ndani ya gunia. Tunamwaga, tunaangalia, ndipo tunachagua. Betri, makopo ya kupuliza na chochote chenye sindano hatugusi. Mirija ya taa pia, ina zebaki ndani.

Binamu: Hapa kwetu kuna lile povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni, limejaa

Da Mkubwa: Lete! Kichwa cha kobe hicho. Ila usilipake gundi ya viatu, inalila lote mpaka libaki shimo. Gundi nyeupe ya maji tu.

Kaka: Nauliza kwa nia njema. Kwa nini tusichangishane tukanunua vitambaa na sponji mpya, kuliko kuchokora taka za watu usiku?

Da Mkubwa: Kwa sababu kitu kilichotumika kimekuja na sura yake. Sweta lililolegea shingoni limeshakunjamana kama mzee, huhitaji kumtafutia mikunjo. Kitambaa kipya nitakaa siku nzima nakilazimisha kizeeke. Na watoto wakiokota wenyewe ndio wanamwona mnyama. Juzi mdogo wetu kashika trei ya mayai, kasema mwenyewe "hiki ni kigongo cha kobe." Sikumwambia mimi.

Da Mkubwa: Jim Henson, mtengeneza vikaragosi wa Marekani, alimshona kikaragosi wake maarufu Kermit, yule wa kwanza, mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake. Macho ni mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu. Koti la kutupwa tu!

Shangazi: Koti.

Shangazi: Umetaja koti katika kikundi hiki?

Binamu: 👀

Da Mkubwa: Shangazi, nilikuwa natoa mfano.

Shangazi: Na huyo mama wa Henson naamini alijua. Sisi koti la marehemu tulilikuta lina masikio ya sungura.

Da Mkubwa: Lilikuwa juu ya gunia la kutupa. Nimeshasema miaka yote hii.

Shangazi: Mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?

*Baba Mdogo amefuta ujumbe huu*

Shemeji: Baba Mdogo naye leo kaamka

Kaka: Tuliache hilo jamani. Ijumaa asubuhi gari linapita saa ngapi?

Shangazi: Halijaachwa siku moja likaisha.

Kitinda: Niko kwa Bibi. Amesomewa yote. Ameniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Kitinda: "Koti halikutoka kabatini kwa miguu yake. Aliyelitia guniani anajijua, na mimi namjua, nimenyamaza kwa kuwa nilimzaa. Mjukuu wangu aliokota kilichotupwa. Asisutwe tena. Mwanangu wa kike, hasira yako ilikosa mlango."

Kitinda: "Na nyie mnaookota, kila gunia la nyumba ya mtu lifunguliwe na mwenyewe kwanza. Mkono mmoja wa koti lile ninao. Nautoa uwe wa kobe. Aje kuuchukua Shangazi yenu, na huyo wa mkasi, pamoja."

Kitinda: Amemaliza. Ameomba miwani yake.

*Alhamisi usiku*

Mama Mdogo: Samahani simu iliisha chaji. Godoro safi, nimelikagua pande zote, liko barazani. Ila limelowa.

Da Mkubwa: Asante sana Mama Mdogo. Lisimamishe, maji yachuruzike. Sponji ikifungiwa mbichi inaota ukungu.

Da Mkubwa: Na Bibi, nimesikia. Nitakuja.

Baba Mdogo: Shikamoo Mama.

Baba Mdogo: Gari langu lipo kesho alfajiri.

Da Mkubwa: Baba Mdogo asante. Saa kumi na moja, kabla gari la taka halijafika. Tunahitaji wawili zaidi wa kubeba maboksi. Magazeti lazima yaanze kesho kesho: yanachanwa kwa mkono, siyo mkasi, ukingo uliochanika ndio unalala vizuri. Tabaka moja likauke kabisa kabla ya lingine, na kwa mvua hii itachukua siku.

Kaka: Mimi nitajaribu

Da Mkubwa: Kujaribu au kuja?

Shemeji: Anakuja, nitamsukuma mimi

Da Mkubwa: Shangazi, Jumamosi nikupitie twende kwa Bibi?

Da Mkubwa: Shangazi?

Shangazi: Mkono upi, wa kulia au wa kushoto?

Kitinda: Wa kulia. Ule wenye kiraka ulichoshona wewe.

Shangazi: Nitawaambia.

Binamu: Samahani ndiyo nafungua sasa. Povu lile nilete Ijumaa hii au ijayo?