Baiskeli ya umeme 250W: Ipogolo hadi mjini na mzigo, itamudu?

mzee_wa_pedali
Wakuu, kuna baiskeli ya umeme naitolea macho: mota 250W kwenye habi (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, betri 36V 10Ah, ina na akseleta. Kazi ni Ipogolo–Iringa mjini kila siku, mzigo kilo 20. Mlima utapandika? Na trafiki je, watadai leseni?

fundi_habi
Betri haina shida. Uzito wote ukiwa kilo 120, kila mita 100 za kwenda juu zinakula kama 50Wh (wati-saa), nawe unazo 360 (36V mara 10Ah). Shida ni joto. Mlima wa asilimia 8, mota na miguu vikisaidiana, unakwenda kama km 12 kwa saa. Spidi ikishuka chini ya 10, umeme mwingi unageuka joto na koili (nyaya za ndani ya mota) zinaweza kuungua. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, kanyaga kwelikweli, usipande kwa akseleta tupu. Mota ya katikati, kwenye pedali, inatumia gia zako. Kwa Iringa ndiyo yenyewe, ila inatafuna mnyororo.

Kagua pia kibati kinachozuia ekseli isizunguke. Nati ikilegea, ekseli inajizungusha na kukata nyaya zake yenyewe.

kona_kali
Ulaya mwisho ni 250W, mota inasaidia ukikanyaga tu na inakata kwenye km 25 kwa saa. Kibandiko cha EN 15194, kiwango chao cha baiskeli za umeme, kinasema hayo, lakini ni cha kwao. Hapa, chombo kinachokimbia km 45 kwa akseleta bila kukanyaga, trafiki akikiita pikipiki usibishane naye: namba, bima, leseni daraja A, helmeti. Chomoa waya wa akseleta, funga spidi kwenye 25, risiti iandikwe wati.

Mkuu, hujauliza kushuka, na huko ndiko kwenye hatari. Usishikilie breki mteremko mzima. Pedi zinang'aa kama kioo na hazikamati tena. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, mbele na nyuma. Pedi ikibaki chini ya mm 1, badilisha.

mzee_wa_pedali
Nimewaelewa. Chaja ya 48V ikiingia tundu, si inachaji haraka?

fundi_habi
Thubutu! Betri ya 36V inajaa kwenye volti 42; chaja ya 48V inasukuma 54.6. Ukiitegemea ile saketi ya ulinzi ndani ikuokoe, unachezea moto.