Eti "Mwanza iko upande gani wa Nairobi?" Huyu mtu wa mashindano ya chesi ya kompyuta kanivuruga leo

Ngosha wa Mabatini (mleta uzi):
Wakuu, nisameheni herufi zikirukaruka, mikono inatetemeka. Nimekata simu ya video sasa hivi na huyu mtu wa mashindano ya chesi ya kompyuta. Mnamjua. Simtaji, ila mnamjua: mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani kama filimbi ya refa, anayejiita mratibu wa Afrika na Afrika yenyewe anaichungulia kwa dirisha la ndege. Aliyekuja Dar akapiga picha na watoto wa shule, kila mtoto kashikishwa farasi wa plastiki.

Kaniuliza hivi, wakuu: "Mwanza iko upande gani wa Nairobi?"

Miaka minne naandika programu ya chesi. Nimeiita Sangara. Nimeiandikia chumbani kwangu Mabatini, kule juu kwenye mawe, maji napandisha kwa ndoo, umeme ukikatika nakimbilia kwa shemeji Igoma nimebeba kompyuta mgongoni kama mgonjwa. Usiku kucha inacheza yenyewe kwa yenyewe, feni inavuma hadi jirani akaja kuuliza kama nafuga nyuki. Nikatuma maombi, wakanikubali. Nikafurahi hadi nikanunua soda za watu wote dukani. Kumbe masharti yako nyuma: mwenye programu lazima awepo ukumbini, akae mezani, asukume kete kwa mkono wake. Huko Ulaya. Siku saba. Hoteli juu yangu, kiingilio juu yangu.

Nikapiga hesabu. Basi hadi Dar, kilomita zaidi ya elfu moja, kwenda kuchukuliwa alama za vidole tu, maana huku kwetu ubalozi hakuna. Ada ya viza euro 90, wakikunyima hawarudishi. Bima ya safari inayofikia euro 30,000. Taarifa ya benki ya kuonyesha una hela, hela ambazo ningekuwa nazo nisingekuwa napandisha maji kwa ndoo. Hapo ndege bado hata sijaigusa. Kwa gharama hiyo itabidi niuze ziwa, na Wakenya na Waganda nao wana sehemu yao humo, kesi haitaisha.

Basi nikamwomba kwa adabu, hadi "mzee wangu" nikamwita. Nikasema niwatumie programu muiweke kwenye mashine yenu, au nicheze kwa intaneti. Akavua miwani. Akaifuta. Akamgeukia mwenzake pembeni, wakacheka. Halafu ndipo akasema, "Umesema Mwanza? Iko upande gani wa Nairobi?"

UPANDE GANI WA NAIROBI! Mtu alishafika Dar! Kala chapati zetu, kapewa na khanga ya zawadi!

Na kinachonichoma ni kwamba mashine zenyewe hazisafiri. Mashindano ya kwanza ya dunia, Stockholm mwaka 1974, programu ya Warusi iitwayo Kaissa ilishinda michezo yake yote minne huku kompyuta yake iko Moscow, hatua zinasomwa kwa simu. Simu ya waya, wakuu, 1974! Na 2015 kule Leiden, Uholanzi, programu iitwayo Jonny ilibeba ubingwa kwa kori 2,400, yaani vichakataji vya kompyuta, zilizokaa zake Bayreuth, Ujerumani. Kompyuta inabaki nyumbani inakunywa umeme wa chuo, binadamu ndiye anapandishwa ndege akawe kidole chake. Mimi mwenye kori nne nikapambane na mwenye chumba kizima cha mashine, na nauli ya kwenda kupigwa nijilipie mwenyewe.

Upande gani wa Nairobi. Chakula kimepoa hapa, sikitaki.

Mvuvi Mstaafu:
Nimeweka kigoda siti ya mbele. Endelea.

Kitunda cha Mwisho:
Mleta uzi punguza povu. Ulimjibu nini? Hapo ndipo tunapotaka.

Ngosha wa Mabatini:
Mkuu, nilipigwa na butwaa. Nikamjibu "kusini magharibi." Nimemjibu kweli, kama niko kwenye mtihani! Hilo ndilo litanizuia kulala.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Hahahaha kamjibu na uelekeo! Angeulizwa na umbali angetoa futikamba.

Fundi Redio Buzuruga:
Acheni kumcheka kijana, ana hoja. Wanasema mtu akae mezani ili kuzuia udanganyifu. Haya, programu iitwayo Rybka ilishinda mashindano ya dunia 2007 hadi 2010: Amsterdam, Beijing, Pamplona, Kanazawa. Yote ya ana kwa ana. Mwaka 2011 ndipo ikavuliwa mataji yote manne kwa madai kwamba imenakili programu za wengine, Crafty na Fruit. Kilichosomwa ni msimbo. Nani alimkamata mtu kwa kumtazama mezani?

Na hili la mashine kubwa kumeza ndogo dawa yake inajulikana. Pamplona 2009 waliweka ukomo wa kori 8. Mwaka uliofuata Kanazawa wakaongeza shindano la kompyuta zinazolingana, programu ya Shredder ikalichukua. TCEC, shindano jingine la programu za chesi, nayo tangu 2010 inachezwa mtandaoni, programu zinaendeshwa kwenye mashine ya waandaaji, mwandishi amelala kwake. Na yale ya dunia yenyewe yalifanyika mara ya mwisho 2024, Santiago de Compostela. Sasa huyo wa miwani anang'ang'ania kiti cha nini?

Dada wa Nyegezi:
Kori nne? Hiyo ni Sangara au furu?

Ngosha wa Mabatini:
Dada, furu ziwani walimalizwa na nani? Uliza wazee.

Kitunda cha Mwisho:
Bado narudi pale pale. "Kusini magharibi." Yaani alikaa akafikiria kwanza.

Bin Ukerewe:
Poleni na mambo ya Ulaya. Sisi wa visiwani nauli ya kwenda kushindana tunaijua hapa hapa. Mwaka jana tumekuja mjini kwenye shindano la drafti, tumeambiwa saa tatu asubuhi. Tumetoka alfajiri, upepo wa ziwa umetupiga hadi mdomo umekauka. Tunafika, wa mjini bado wanakunywa chai. Wakaanza alasiri, meli ya kurudi ikatuacha, tukalala gatini na mbu. Kulalamika tunaambiwa "si mngekuja jana." Aliyesema mnamjua, yule wa kofia ya njano.

Na Ngosha, wewe ulikuwa meza ya usajili siku ile. Nilipokwambia natoka Ukara, uliniuliza Ukara iko upande gani wa Ukerewe.

Jiwe Juu ya Jiwe:
UWIIIII

Mvuvi Mstaafu:
Sogezeni vigoda, nimekuja na jirani.

Dada wa Nyegezi:
Nimeanguka kitandani. Mods msifunge huu uzi.

Ngosha wa Mabatini:
Bin Ukerewe, lile lilikuwa swali la fomu, kuna sehemu ya kujaza kata! Na sikucheka, na sikufuta miwani. Usilinganishe. Huyu kaniuliza akiwa anacheka na mwenzake!

Bin Ukerewe:
Ulicheka, ng'wanawane. Mimi nilikuwa nimelowa, nakumbuka vizuri.

Mama Mwaloni:
Wanangu mimi chesi siijui, ila nimeona sangara na ndege kwenye sentensi moja nikasimama. Sangara wa kweli minofu yake inafika Ulaya bila viza wala alama za vidole, sisi tulio ufukweni tunaachiwa mapanki, mifupa mitupu. Jana pale Mwaloni nimetajiwa bei ya sato nikadhani ananiuzia na mtumbwi. Mwenye ndoo anasema wazuri wamepakiwa alfajiri kwenda Dar. Mtu unasikia mawimbi ukiwa kitandani kwako, halafu samaki unamsikia redioni!

Fundi Redio Buzuruga:
Mama umesema kweli. Shangazi yangu Dar ananitumia picha za sato wakubwa kama mlango. Mimi huku nakula maharage natazama ziwa.

Dada wa Nyegezi:
Na wanaouza wakiona umevaa vizuri tu bei inapanda palepale. Siku hizi naenda na kandambili za mlinzi wetu.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Sato achaneni naye. Dagaa ndio wametuasi, sado imekuwa bei ya kuku.

Ngosha wa Mabatini:
Jamani turudi kwenye mada. Kaniandikia tena sasa hivi, anauliza kama nitathibitisha hoteli kabla ya Ijumaa. Na jina la mji kaliandika "Mwanda." MWANDA!

Mama Mwaloni:
Ngosha baba, subiri kidogo. Nani humu ana dagaa wa jumla? Nataka magunia matatu.

Mvuvi Mstaafu:
Kesho alfajiri nipo Kayenze, mama. Njoo na gari.

Mama Mwaloni:
Wa mchangani au wa chanja?

Mvuvi Mstaafu:
Wa chanja.