Amenifunikia kikokotoo mezani nilipouliza bei ya mtazamaji mmoja

Wakuu, naandika haya mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule bwana wa matangazo ya video, ambaye nyote mnamjua, leo amenyoosha mkono mbele ya wenzangu wote, akakichukua kikokotoo changu na kukifunika kifudifudi mezani, kisha akasema, "Dada, hesabu za video si za kila mtu."

Swali langu lilikuwa moja. Taarifa yake ilidai kuwa tangazo letu limepata "watazamaji" 240,000, naye akagawanya fedha yote tuliyolipa kwa idadi hiyo, akatuonyesha bei ndogo ambayo hata sisimizi angeibeba. Lakini 240,000 ni maonyesho, yaani idadi ya mara ambazo video ilitokea kwenye skrini, na maonyesho hulipiwa kwa elfu: unagawanya gharama kwa maonyesho, kisha unazidisha kwa 1,000. Waliofika sekunde 30, ambazo ndizo YouTube huzihesabu kuwa utazamaji wa tangazo linaloweza kurukwa (au mwisho wa tangazo likiwa fupi zaidi, au mtu akilibonyeza), walikuwa 9,600, wameandikwa chini ya ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Gawanya 240,000 kwa 9,600, unapata 25. Kila mtazamaji ametugharimu mara 25 ya bei tuliyotajiwa! Nilikuwa nimeshabonyeza alama ya kugawanya, na hapo ndipo mkono wake ulipofika. Kifudifudi, wakuu. Kikokotoo changu mwenyewe.

Mpimaji: Pole sana, dada. Mimi alinihesabia kila ambaye nusu ya eneo la video ilionekana kwenye skrini yake kwa sekunde 2. Kipimo hicho kipo kweli, lakini hupima kama tangazo liliweza kuonekana, wala hakipimi kama kuna mtu aliyelitazama.

Mzee wa Mikataba: Ulikubali kulipia kwa elfu, leo unadai bei ya kichwa kimoja kimoja. Ungeusoma mkataba, usingehitaji kikokotoo.

Mwanzisha uzi: Mkataba nimeusoma kuliko aliyeuandika. Kulipia kwa elfu sikulalamikii. Ninalolalamikia ni maonyesho kuitwa watazamaji, na ule mkono.

Sekunde Sita: Afadhali wewe uliyepewa hata hiyo 9,600. Mimi aliniuzia matangazo ya sekunde 6 yasiyorukwa, kisha akajisifu kwamba karibu wote walifika mwisho. Wangetokea wapi, ilhali kitufe cha kuruka hakikuwepo?

Mpimaji: Msisahau kwamba mwaka 2016 Facebook wenyewe walikiri kuwa wastani wao wa muda wa kutazama video ulikuwa umepanda kupita kiasi, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 waliachwa nje ya hesabu. Ndiyo maana mimi huomba idadi kamili, siombi wastani.

Kamera Mbili: Nyote mnahesabu nusu ya gharama. Aliyeigiza, aliyepiga picha na aliyehariri mmewaweka wapi? Mimi fedha ya kutengeneza video ilizidi ya kuirusha.

Mzee wa Mikataba: Gharama ya kutengeneza haiingii kwenye bei ya maonyesho elfu.

Kamera Mbili: Haiingii kwa nani? Imetoka mfukoni mwangu.

Sekunde Sita: Hapo namuunga mkono Kamera Mbili, kwa sababu mhariri wangu alinitoza mara tatu kwa video ileile.