Tupeane uzoefu: maduka ya zamani ya risasi, baruti na fataki

Mjukuu wa Uhindini: Wakuu, juzi nilipita Uhindini pale Iringa, nikajikuta nimesimama mbele ya duka alilokuwa akinunulia risasi marehemu babu. Siku hizi wanauza makava ya simu. Ndoano ya mizani bado inaning'inia darini. Mzee wa duka alikuwa anafungua kitabu cha leseni cha babu, anakisoma chote utadhani ndiyo kwanza wanakutana, anaandika kwa wino, ndipo anatoa risasi tano za shotgani. Tano tu. Kila moja anaiviringisha juu ya meza kwa kidole. Zile za ganda la karatasi zikipigwa na unyevu huvimba, haziingii mtutuni. Inayoyumba anairudisha kabatini, hauziwi. Nani mwingine aliyakuta maduka haya?

Mtu wa Sikonge: Umenikumbusha mbali sana. Kwetu ni gobore, bunduki ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, kwa hiyo safari ya Tabora mjini ilikuwa ya baruti, marisau (vile vipande vya risasi) na fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Fataki zilikuja kwenye kikopo kidogo cha bati, cha duara. Baba alikiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, mvua isizifikie.

Mama Vifungo: Kile kikopo! Kwetu mama anawekea vifungo vya nguo mpaka leo.

Mkamba wa Machakos: Baba yangu alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa kulipwa. Alitusimulia Shaw & Hunter ya Nairobi hadi tukalijua duka lile bila kulitia mguu. Tuzo ya kila mwaka ya chama cha wawindaji hao ilibeba jina la duka hilo. Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji Kenya, chama kikavunjwa mwaka huohuo, na mwaka uliofuata maduka ya pembe na ngozi nayo yakafungwa. Mzee alirudi nyumbani na buti na mkanda wa risasi usio na kitu. Ule mkanda ninao.

Mlinzi wa Pori: Samahani, lakini mnalilia nini? Pori la akiba la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya laki moja miaka ya 70, na 1989 hawakufika hata nusu. Operesheni Uhai, ule msako wa majangili, haikuja bure.

Mjukuu wa Uhindini: Ndugu, mtu anayeandikiwa risasi tano kwenye kitabu ndiye aliyemaliza tembo? Bunduki za kivita hazikuuzwa Uhindini.

Mlinzi wa Pori: Gobore nalo limeua tembo. Tusidanganyane.

Mtu wa Sikonge: Nguruwe wakilala kwenye mihogo yako usiku tatu, uje uandike tena. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, yuko wilayani, wewe uko shambani.

Kijana wa Tunduru: Nami nina swali. Babu ametuachia gobore, leseni ina jina lake. Nifanye nini?

Mama Vifungo: Litundike ukutani, ni kumbukumbu.

Mlinzi wa Pori: Usithubutu! Leseni hairithiwi. Nenda na mwenyekiti wa kijiji mkatoe taarifa polisi, tena mapema.

Binti wa Mahenge: Nimeandika nikafuta mara mbili. 1986, nina miaka kumi na miwili, baba alinituma dukani kununua baruti. Duka halikuwa na mzigo. Nyuma ya duka kulikuwa na mtu anauza yake kwenye chupa. Niliogopa kurudi mikono mitupu, maana nguruwe walikuwa wameshamaliza nusu ya mahindi, nikanunua. Ya dukani ilikuwa na chenga kama pilipili manga iliyotwangwa nusu. Hii ilikuwa laini kama sembe. Nikaifunga kwenye karatasi ya duka niliyokuwa nayo nyumbani, nikanyamaza.

Usiku mimi ndiye nilimshikia baba tochi. Alipima kipimo chake kilekile, akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa gobore, akavika fataki. Mlio haukuwa wa siku zote. Ulikuwa mfupi, kama bati linapasuliwa. Mtutu ulifunguka ubavuni. Tochi ilinianguka, nikawa namtafuta baba kwa kupapasa kwenye mahindi, nikashika mkono wake wa kushoto, vidole vitatu havipo. Hakupiga kelele. Alisema, "Washa taa, mama." Hakuna aliyejua nilikoitoa ile baruti.

Mkamba wa Machakos: Pole sana dada. Mzee yupo?

Binti wa Mahenge: Yupo. Ana miaka 84.

Mtu wa Sikonge: Mwambie. Asiondoke bila kujua.

Mama Vifungo: Usimwambie! Miaka yote hiyo, unataka kumpa mzee kidonda kipya?

Kijana wa Tunduru: Mwambie, ila mpelekee kwanza jogoo.

Mlinzi wa Pori: Dada, yale ya tembo niyaache hapo. Ulikuwa mtoto. Pole.

Binti wa Mahenge: Nimempigia jioni hii. Nilipoanza kulia akanikatiza. Anasema aliiona ni laini alipokuwa anaimimina. Ila aliona karatasi ni ya duka, akadhani mwenye duka kaleta mzigo mpya.