xdata kabla ya nyota na xdata baada ya nyota: tofauti ni ipi?

Swali

Wakuu habari. Nimekabidhiwa programu ya zamani ya chipu ya 8051, imeandikwa kwa Keil C51 (kompaila ya C ya chipu hizo). Pointa (vigeu vinavyobeba anwani za kumbukumbu) za C ya kawaida hazinisumbui, ila humu nimekuta mistari ya namna hii:

`char xdata *p;`
`char * xdata q;`
`xdata char *r;`

Nilidhani yote ni kitu kimoja, lakini `sizeof` (inayotoa ukubwa kwa baiti) inanipa 2 kwa p, halafu 3 kwa q na r. Anwani za chipu hii ni za biti 16, sasa baiti ya tatu ya nini?

Jibu

Mkuu, umefanya vizuri kupima badala ya kubahatisha. 8051 haina kumbukumbu moja. Kuna RAM ya ndani (`data`, baiti 128), RAM ya nje (`xdata`, hadi KB 64) na eneo la programu (`code`, nalo hadi KB 64). Anwani 0x0010 ipo kote huko, na kila eneo linasomwa kwa amri yake: MOV, MOVX, MOVC. Namba peke yake haitoshi kumwambia prosesa aende wapi.

Kwa hiyo pointa isiyotajiwa eneo hubeba baiti moja ya aina ya eneo na mbili za anwani. Kila ukiitumia, inaitwa rutini ya maktaba ikague kwanza ile baiti ya aina. Kwenye kitanzi kinachopitia bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data) kubwa, utauona huo uzito.

Sasa itazame nyota (`*`). Neno lililo kabla yake, baada ya `char`, linasema data inayoelekezwa iko wapi. Lililo baada yake linasema pointa yenyewe inakaa wapi. Basi p inaelekeza `xdata`, wakati q inakaa `xdata` ila inaweza kuelekeza popote.

Mtego ni r. Huo ni uandishi wa zamani, na kompaila inausoma sawasawa na q! Tafadhali uondoe kila unapoukuta, maana atakayekuja baada yako atausoma kama p. Mimi huandika yote mawili wazi: `char xdata * data p;`

Jibu

Naongezea: usitegemee `const` ikuhamishie jedwali kwenye ROM, yaani lile eneo la programu (`code`). Hapa inazuia kuandika tu. Bila `code`, jedwali linakula RAM, na kwenye baiti 128 hilo ni jambo zito. Andika `char code ujumbe[] = "TAYARI";`

Aliyeuliza

Asanteni sana. Kwa hiyo pointa zote za baiti 3 nizibadilishe?

Jibu

Hapana. Funksheni inayopokea maandishi ya `code` leo na bafa ya `xdata` kesho, iachie baiti zake 3. Ukiifunga kwa `xdata` kisha ukalazimisha anwani ya `code`, itasoma RAM ya nje kwenye namba ileile na kukurudishia takataka. Anza na vitanzi vinavyogusa bafa moja tu.