Aliyecheka Nina alipomwita Edward "kaka" asishike tena rimoti katika mji huu wa Mtwara

MwanaShangani (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikitia chumvi, ingawa kwa niliyoyashuhudia jana usiku chumvi yote ya Lindi isingetosha. Jina sitaji kwa sababu mnamfahamu: ni bwana yule yule wa kibanda cha video anayejiita mchambuzi, ambaye akishaketi mbele ya runinga hata mpira wa Ulaya huonekana kuomba ruhusa yake ndipo uendelee.

Tulimbembeleza sana atuwekee *Fullmetal Alchemist: Brotherhood*, katuni ya Kijapani yenye vipande 64 iliyorushwa kuanzia Aprili 2009 hadi Julai 2010. Kipande cha kwanza alipiga miayo. Katika cha pili, ndugu wawili wanapojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, yaani ufundi wa kugeuza kitu kimoja kuwa kingine, mkubwa, Edward, akapoteza mguu na mdogo akapoteza mwili mzima, yeye aliuliza kwa nini hawakwenda kwa mganga. Nikameza mate, nikanyamaza. Kikaja cha nne.

Humo yumo Shou Tucker, mtaalamu wa alkemia anayelipwa na serikali, ambaye kwa kuogopa kunyang'anywa leseni anamwunganisha binti yake Nina na mbwa wao ili apate kiumbe kinachosema. Kiumbe kile kinainua kichwa, na kwa sauti inayokwama kinamwita Edward kaka. Kibanda kizima kilikuwa kimya, hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Bwana wetu, korosho mdomoni, akacheka. Hakutabasamu, wakuu, alicheka huku akijipiga mapaja, hata chembe za korosho zikaruka hadi kwenye kioo, na moja ikanata juu ya jicho la kiumbe kile. Akasema, "Mbwa anaongea! Sasa huyu mtamlisha ugali au mifupa?" Kisha akabonyeza rimoti, akatoa hukumu kwamba hayo ni mazingaombwe ya watoto yasiyo na sayansi hata kidogo, akatuwekea mieleka.

Sayansi hata kidogo! Katuni inayotaja viambato vya mwili wa mtu mzima kwa vipimo: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo moja na nusu, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, na orodha inaendelea! Katuni ambayo Kanali Mustang hawashi moto kwa kunuia, bali kwa glavu zinazotoa cheche na kwa kuipanga oksijeni iliyo hewani, ndiyo maana akilowa mvua anakuwa hana kazi! Lakini hayo ningeyaacha yapite kama asingecheka. Mtoto amegeuzwa mnyama na baba yake mzazi, anaita kaka, na mtu mzima mwenye familia anacheka.

Kijana wa Ligula
Nilikuwepo. Mleta uzi ameficha jambo moja, kwamba yeye alikuwa akilia kwa sauti kabla kiumbe hicho hakijafungua kinywa, na wengine wetu tulishindwa kujua tumtazame nani. Kuhusu korosho nathibitisha, kwa maana nyingine iliniangukia mimi.

DukaLaKona
Nimesoma orodha hiyo nikiwa kazini. Chumvi robo kilo ninayo, chokaa ipo, na kaboni tutaijaliza kwa mkaa. Edward mwenyewe anasema kwamba vitu hivyo mtoto angeweza kuvinunua sokoni kwa pesa yake ya mfukoni, na naona hakukosea. Tatizo ni amonia tu. Mleta uzi akiipata, tutamtengenezea mchambuzi mpya asiyetafuna.

Mwalimu, Masasi
Tumwache bwana huyo na kicheko chake, tuitazame kazi yenyewe. Kanuni ya malipo sawa wanayoifuata ndugu hao, kwamba ili upate kitu lazima utoe kitu cha thamani ile ile, inakaribiana na kanuni ya uhifadhi wa maada ambayo wanafunzi wangu hujifunza kupitia jina la Lavoisier, Mfaransa aliyekatwa kichwa mwaka 1794. Huwezi kupata kilo mbili za chuma kutoka katika kilo moja, na mwalimu yeyote wa kemia atafurahi kuona jambo hilo likiheshimiwa katika hadithi ya maajabu. Udhaifu ninaouona uko kwingine: roho ya binadamu inapoingizwa katika mizani hiyo, hakuna tena anayepima chochote, na mwandishi anaamua bei kadiri hadithi inavyotaka. Hata hivyo sijaona hadithi nyingine ya aina hii inayojitahidi kueleza nguvu inatoka wapi, maana wataalamu wa Amestris, nchi ya katuni hiyo, huamini kwamba wanaitumia nguvu ya mwendo wa matabaka ya ardhi.

Msimbati Asilia
Mwalimu umenigusa penyewe. Nguvu inatoka chini ya ardhi ya watu, halafu humo katunini kuna mmoja amejichimbia chini ya makao makuu, ameikalia, anawagawia wenyeji kwa kipimo anachotaka yeye. Mimi niliyezaliwa jirani na visima vya gesi vya Mnazi Bay sikuhitaji mchambuzi anieleze sehemu hiyo. Vita vya mwisho vilipoanza, umeme ukakatika. Sijui nani alishinda hadi leo.

MwanaShangani
Ndugu zangu, uzi huu ni wa kicheko. Alicheka!

BintiMikindani
Tumekusikia, kaka. Mimi malalamiko yangu ni juu ya nyinyi mnaoisifu *Brotherhood* kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Katuni ya kwanza ya hadithi hii hii, ya mwaka 2003 na yenye vipande 51, ilimpa Nina muda wa kutosha tukamzoea, tukamjua anavyocheza na mbwa wake, ndipo ikatuvunja. Hii yenu inamtambulisha na kummaliza katika kipande kimoja. Kama bwana yule angetazama ile ya kwanza asingecheka, kwa hiyo lawama nyingine iwaendee waliochagua.

Kijana wa Ligula
Ile ya kwanza ilikosa mwisho wa maana kwa sababu Hiromu Arakawa, mtunzi wa hadithi yenyewe, alikuwa bado anaichora, na hakumaliza hadi 2010. Unasifu nyumba iliyoezekwa nusu.

BintiMikindani
Ina mwisho wake wenyewe, na ni mchungu zaidi. Wewe hukuufikia.

Newala Juu
Mnagombana bure. Mkitaka uchawi na sayansi vikutane ana kwa ana, ipo *A Certain Magical Index*, ambamo mji mzima wa wanafunzi unakuza vipaji vya akili kwa maabara, huku wachawi wa makanisa wakija na vitabu vyao. Msichana mmoja amehifadhi kichwani vitabu 103,000 vya uchawi! Hasira yangu ni kwa waliotengeneza msimu wa tatu, uliorushwa 2018 na 2019, kwa sababu walibana riwaya tisa ndani ya vipande 26, na mtu asiyesoma riwaya hizo hawezi kujua nani anampiga nani wala kwa nini.

Mgeni Hapa (amejiunga leo)
Mimi simfahamu bwana anayesemwa. Ila naona aibu kwamba hakuna aliyetaja kuwa korosho zile zilikuwa za bure, na kwamba kiingilio cha mleta uzi bado hakijalipwa.

MwanaShangani
Ni yeye! Wakuu, ni yeye mwenyewe!

Nachingwea Boy
Newala Juu, msimu huo wa tatu unao kwenye flashi? Nina nafasi ya kutosha, na Ijumaa natuma mtu Masasi.

Newala Juu
Ninayo yote mitatu. Mwambie aje na flashi isiyo na virusi, ya mwisho iliniulia kompyuta.